Sabyinyo kutoka upande wa pili

Baba yangu huamka kabla ya jogoo, huchukua kiti chake cha mbao na kukaa nje akiutazama mlima Sabyinyo. Amefanya hivyo maisha yake yote, ila zamani alikuwa akiutazama kutoka Jomba, upande wa Kongo, na sasa anautazama kutoka Kisoro, Uganda. Tulivuka mpaka wa Bunagana mwaka 2022, vita vilipotufikia, tukiwa na mabegi mawili na mbuzi mmoja ambaye hakumaliza wiki. Siku za kwanza mzee alilalamika kwamba mlima umegeuzwa, meno hayakai anavyoyajua. Jina lenyewe kwa Kinyarwanda linahusu meno ya mzee, maana vilele vyake vimechongoka na kupishana kama meno ya mtu aliyekula chumvi nyingi.

Juu ya mlima huo ndipo Kongo, Rwanda na Uganda zinapokutana. Ukiwa chini unaona mipaka kila mahali: vibanda vya forodha, kamba barabarani, askari, karatasi. Ukitazama juu unaona msitu mmoja tu, kijani kizito kinachopanda hadi kwenye mawingu.

Nilianza kuufikiria msitu huo kwa makini nilipokuja Kisoro na kulisikia jina la Nyakagezi. Ni familia ya ngagi, hao ambao vitabu vinawaita sokwe wa milimani, inayokaa hifadhi ya Mgahinga upande wa Uganda na ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikivuka kwenda Rwanda na Kongo na kurudi inapotaka. Mianzi ikitoa machipukizi upande fulani, wanahamia huko. Nilipomweleza baba, alinijibu kwa uhakika kabisa: "Hao nawajua. Hao ni wetu."

Huenda wanyarwanda nao wanasema hivyo hivyo. Mwaka 2019 familia nyingine, Hirwa, ilitoka Rwanda ikahamia Mgahinga. Februari 2020 radi ikapiga huko mlimani na kuua wanne kati yao, majike watatu na mtoto mmoja wa kiume. Msiba ule ulikuwa wa nchi mbili.

Kinachonigusa ni kwamba kuvuka huku si matembezi tu. Jike la ngagi likikua kwa kawaida huacha familia ya baba yake na kwenda kwa dume mwingine mwenye mgongo wa mvi. Dume kijana naye mara nyingine huondoka, hutangatanga peke yake hadi apate wa kumfuata. Damu huchanganyika kwa njia hiyo. Msitu ukikatwa vipande, binti hana pa kwenda ila kwa ndugu zake. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba ngagi hawa tayari wamezaliana ndani ya ukoo kwa vizazi vingi sana, kwa sababu ya uchache wao. Kila njia iliyobaki wazi ina thamani.

Hesabu yao ni hii. Katika milima ya Virunga, ambayo Sabyinyo ni mmojawapo, sensa ya 2015 na 2016 ilipata ngagi 604. Katika msitu wa Bwindi wa Uganda pamoja na Sarambwe, kipande cha Kongo kilichoungana nao, ile ya 2018 ilipata 459. Jumla 1,063, na hao ndio wote duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Virunga peke yake ilikuwa na kama 250 tu, kwa hiyo waliowalinda wanastahili heshima yetu. Na kuwahesabu si kazi nyepesi: timu za nchi zote tatu hupita msituni, hutafuta viota ambavyo ngagi walilala usiku, huchukua kinyesi katika kila kiota, maabara ikatambua nani ni nani, asije mmoja akahesabiwa mara mbili, leo Rwanda na kesho Kongo.

Sasa tazama ramani, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Kati ya Virunga na Bwindi kuna pengo la kama kilomita 25 hadi 30. Ngagi wa huku hawafiki kule. Nilidhani mwanzoni kwamba ni mpaka wa nchi uliowatenganisha. Sivyo. Mahali nchi tatu zinapogusana, msitu umebaki mzima. Mahali ulipokatika, sehemu kubwa ni ndani ya Uganda peke yake, na kilichoukata ni mashamba: maharage, viazi, mtama, migomba, nyumba za mabati, shule. Kisoro yenyewe. Mimi nimepanga chumba katikati ya pengo hilo, na maharage ninayokula yameota humo.

Kwa hiyo siwezi kuandika kama mtu asiyehusika. Jomba tulilima viazi mviringo hadi kwenye ukingo wa mbuga. Mwaka mmoja, nikiwa darasa la nne, mbogo walishuka usiku wakakanyaga shamba lote, likabaki tope na majani yaliyosagwa. Baba alikwenda kuripoti mara tatu. Hakupewa hata kiazi cha mbegu. Mwaka uliofuata vijana wawili wa jirani waliingia msituni kutega vitanzi vya waya, na hakuna mtu pale kijijini aliyewakataza. Vitanzi vile hutegwa kwa ajili ya swala wa msituni, lakini mkono wa mtoto wa ngagi huingia humo humo. Anayetaka kuunganisha misitu aanze kwa mtu mwenye shamba la mwisho. Yeye ndiye anayeamua usiku ule mbogo wamepita.

Na msitu ukishaondoka, kuurudisha ni kazi ya vizazi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Rwanda iliondoa sehemu kubwa ya mbuga yake ya volkano ili kulima pareto. Leo nchi hiyo hiyo inapanga kuipanua mbuga kwa kama kilomita za mraba 37, na hiyo maana yake ni kuhamisha familia nyingi na kuzijengea kwingine. Au tazama Gishwati, msitu mwingine wa Rwanda uliowahi kuwa na kilomita za mraba zipatazo 280, ukamegwa kwa malisho na mashamba hadi ukabaki kisiwa kidogo chenye sokwemtu wachache. Umefanywa hifadhi ya taifa pamoja na msitu wa Mukura mwaka 2015, watu wanapanda miti, lakini sokwemtu hao bado hawana njia ya kuwafikia wenzao wa Nyungwe, msitu mkubwa wa kusini-magharibi mwa Rwanda. Nyungwe yenyewe ina bahati: imeungana na msitu wa Kibira wa Burundi, na ningependa tuilinde sehemu hiyo ya mpakani leo, kabla haijahitaji kushonwa.

Sitaki pia kuwasahau Batwa. Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi mwaka 1991, wao waliotolewa humo walikuwa wenyeji wa msitu wenyewe, na wengi wako hapa Kisoro hadi leo bila ardhi. Ninapoupenda msitu huu naupenda nikijua hilo, na naona aibu tunapozungumza juu ya njia za wanyama bila kuwauliza watu waliokuwa wakizijua kwa miguu yao.

Nchi hizi tatu zilitia saini mkataba wa kushirikiana kuilinda Virunga mwaka 2015, baada ya miaka mingi ya walinzi kupeana habari na kufanya doria kwa kuelewana wao kwa wao. Lakini ushirikiano unasimama kwa miguu mitatu, na upande wetu wa Kongo umeumia. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa katika mbuga ya Virunga kwa miaka mingi. Makaa yanachomwa, miti inakwenda. Ngagi akivuka kutoka kwenye doria akaingia palipo bunduki, hana namna ya kujua.

Jirani yetu ni kijana anayefuata nyayo za ngagi kule Mgahinga. Jioni akipita na buti zake za mpira zenye tope, baba humwita kwa swali lile lile: "Mwanangu, leo wamelala wapi?" Mara nyingi jibu ni hapa hapa, upande wa Uganda. Wiki iliyopita kijana alisema wamevuka, wameingia Kongo, nyayo zimeshuka kule ng'ambo ya Sabyinyo. Baba alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama ni upande wa Jomba, na kama mianzi ya huko imeshaanza kutoa.