Yavuyavu wa Friday Harbor na protini yake ya kijani

Katika nyenzo zote ambazo wanabiolojia wamejipatia tangu katikati ya karne iliyopita, ninayoithamini kuliko nyingine si mashine, bali ni protini moja yenye asidi amino 238, yaani vipande vidogo vinavyounganishwa kuunda protini. Asili yake ni yavuyavu aitwaye Aequorea victoria, anayeelea katika maji baridi ya pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Nafundisha biolojia, na kila ninapoonyesha picha za seli zinazong'aa kijani, huwapo wanaodhani kwamba zimetiwa rangi kutoka nje. Ukweli ni kwamba seli hai imeitengeneza rangi hiyo yenyewe, kwa maelekezo ya jeni iliyopandikizwa ndani yake, na ndiyo sababu protini hii ikabadili kabisa namna tunavyotazama uhai.

Mkemia wa Kijapani Osamu Shimomura alikwenda Princeton, Marekani, mwaka 1960, kwa mwaliko wa Frank Johnson, na majira ya joto ya mwaka uliofuata wakasafiri hadi Friday Harbor, jimbo la Washington, kuwavua mayavuyavu hao ambao kingo za miavuli yao hutoa mwanga. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba mwanga wa viumbe hutokana na kemikali iitwayo lusiferini pamoja na kimeng'enya chake, kwa hiyo majaribio ya mwanzo yakafuata imani hiyo, nayo hayakuzaa kitu. Shimomura akaiweka kando na kujiuliza swali jepesi zaidi: ni kitu gani kinachoweza kuuzima mwanga huu bila kuuharibu? Alipata jibu katika asidi. Mchanganyiko ukishatiwa asidi ya kiasi ulififia, na aliporudisha hali yake ya awali, mwanga ukarejea kidogo. Kisha akamwaga mabaki kwenye sinki, na sinki nzima ikawaka buluu. Maji ya bahari kutoka kwenye matangi ya samaki yalikuwa yakitiririkia humo, na kilichouamsha mwanga kilikuwa kalsiamu iliyomo katika maji hayo.

Kutoka kwa mayavuyavu wapatao 10,000, ambao kila mmoja alikatwa ukingo wake kwa mkono, zilipatikana miligramu chache tu za protini safi. Waliiita ekworini, na ripoti yao ikachapishwa mwaka 1962. Ndani ya ripoti hiyo walitaja, karibu kwa kupita, protini nyingine iliyong'aa kijani ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Hapa pana tofauti inayofaa kushikwa vizuri. Ekworini huzalisha mwanga wake yenyewe, wa buluu, inapokutana na kalsiamu. Protini ya kijani haizalishi mwanga, ila hupokea nishati, ama kutoka kwa ekworini mwilini mwa yavuyavu au kutoka kwenye taa ya maabara, na kuirudisha ikiwa kijani. Ekworini ndiyo iliyotangulia kufanya kazi. Mwaka 1967 watafiti Ashley na Ridgway waliidunga ndani ya unyuzi mmoja wa msuli, wakaona kwa mwanga wake jinsi kalsiamu inavyopanda msuli unaposisimuliwa.

Protini ya kijani, ambayo kwa kifupi cha Kiingereza huitwa GFP (green fluorescent protein), ilisubiri zaidi. Mtafiti Douglas Prasher, akiwa Woods Hole, Massachusetts, aliitenga jeni yake na kuchapisha matokeo mwaka 1992. Swali lililobaki lilikuwa kama jeni hiyo, ikitiwa katika kiumbe kingine, ingetoa protini inayong'aa, au kama ingehitaji vimeng'enya ambavyo yavuyavu peke yake anavyo. Martin Chalfie wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake walijibu mwaka 1994: bakteria waling'aa, na seli za neva zinazohisi mguso katika mnyoo mdogo C. elegans ziling'aa pia. Asidi amino tatu zilizofuatana ndani ya protini hujifunga zenyewe na kuwa kiini cha rangi, na hazihitaji msaada wowote isipokuwa oksijeni. Mkemia Roger Tsien alieleza kemia hiyo, akabadilisha asidi amino moja moja hadi akapata protini zenye mwanga mkali zaidi na zenye rangi nyingine, ingawa nyekundu ya kwanza iliyofaa ilipatikana mwaka 1999 na watafiti wa Moscow, kutoka kwa Discosoma, jamaa wa matumbawe.

Shimomura, Chalfie na Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2008. Prasher, aliyewagawia Chalfie na Tsien jeni hiyo bila masharti baada ya kukosa fedha za kuendelea na utafiti, wakati huo alikuwa dereva katika duka la magari huko Huntsville, Alabama. Chalfie na Tsien walimwalika Stockholm, tuzo inakotolewa, kwa gharama zao, na baadaye akafanya kazi katika maabara ya Tsien. Bado naamini kwamba mfumo wa kufadhili sayansi ulimtendea isivyostahili, na sipendi kuisimulia historia hii jina lake likiachwa.

Leo matumizi ya GFP ni mengi mno kuyataja yote. Watafiti wa malaria wamewatia vimelea jeni ya GFP na kuwafuatilia wakiwa hai, kutoka kwenye tezi za mate za mbu hadi ndani ya ngozi ya panya. Wataalamu wa ubongo hutumia GFP iliyounganishwa na protini inayoshika kalsiamu, njia iliyoanzishwa mwaka 2001, na huona seli za neva zikiongeza mwanga pale zinapofanya kazi. Hata hivyo si nyenzo ya kuaminiwa bila kuhojiwa: GFP ikifungwa kwenye protini nyingine ili kuonyesha ilipo, mkia huo wa asidi amino 238 unaweza kuizuia protini hiyo isifike mahali pake pa kawaida, na katika seli zisizo na oksijeni rangi haitokei. Kwa hiyo mtafiti makini hulinganisha picha yake na njia nyingine kabla ya kutangaza kwamba protini fulani hukaa mahali fulani.