Usiku Mmoja Kilimani na Kamera ya Kawaida

Usiku wa safari yetu ya kupiga picha za nyota niliuchagua kwa kalenda ya mwezi, kwa sababu mbalamwezi humeza nyota hafifu kama zinavyofanya taa za mjini. Tuliondoka alasiri, mimi na rafiki yangu, tukiwa na kamera ya dijitali ya kawaida, lenzi iliyokuja nayo ya milimita 18 hadi 55, stendi ya miguu mitatu na tochi niliyoifunika kwa nailoni nyekundu, maana macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza na mmweko mmoja mweupe huyarudisha mwanzo. Njiani hapakuwa na la kusimulia. Tulipofika kilimani, mwanga wa mji ulikuwa umebaki utepe mwembamba upande mmoja wa upeo.

Giza lilikuwa limekwisha kuingia, na hapo ndipo nilipoanza kukosea. Kamera haikuweza kulenga yenyewe, kwa hiyo nilizungusha pete ya lenzi hadi mwisho nikidhani kwamba huko ndiko umbali usio na kikomo. Kwenye kioo kidogo picha zilipendeza. Baada ya kupiga kama 40 ndipo nilipoikuza mojawapo, nikakuta kila nyota imevimba kama punje ya dengu, kwa kuwa pete za lenzi nyingi huzunguka kupita mahali pa umbali huo. Ilinibidi nielekeze kamera kwenye Sirius, nyota angavu kuliko zote za usiku, nikuze taswira kiooni mara 10, kisha nizungushe pete taratibu mno hadi nyota iwe nukta ndogo kabisa. Pete niliibana kwa utepe wa gundi, na kwa maoni yangu utepe ule ulikuwa na thamani kuliko lenzi yoyote ya bei kubwa.

Kosa la pili lilitokana na Dunia yenyewe, ambayo huzunguka nyuzi 15 kila saa, hivyo shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, ikikaa wazi mno nyota huwa vijistari. Ili kupata sekunde za kuiacha wazi, wapigapicha hugawanya 500 kwa urefu wa fokasi, yaani zile milimita za lenzi, na kwa sensa (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) ndogo kama yangu urefu huo huzidishwa kwanza kwa 1.5: kwenye milimita 18 nilipata sekunde 18, lakini kwenye milimita 55, nilipotaka kuukaribia Mkanda wa Orioni, nyota tatu zilizojipanga mstari, zilibaki 6 tu. Nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3200, nikahifadhi faili ghafi ambazo kamera haijazichakata, nikaweka kipima muda cha sekunde 2 ili kidole changu kisitikise stendi, na nikapiga picha 64 za sehemu ileile, nikisimama mara kwa mara kufuta umande kwenye lenzi na kurudisha nyota katikati ya fremu.

Nyumbani, programu ya kupanga picha juu kwa juu ilizilinganisha zote 64, na chengachenga, yaani vijidoa vya ovyo kwenye picha, zikapungua hadi kiasi cha moja ya nane, kwani hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha. Chini ya Mkanda lilijitokeza Nebula ya Orioni, wingu kubwa la gesi na vumbi lililoko miaka nuru kama 1,300 kutoka hapa, likiwa na waridi iliyofifia, kwa sababu kichujio kilicho mbele ya sensa za kamera za kawaida huzuia sehemu kubwa ya wekundu wa hidrojeni. Rafiki yangu, ambaye kule kilimani aliliona kwa macho kama ukungu wa kijivu, aliniuliza rangi ile nimeipaka lini.