Jinsi nilivyotatua suala la vinjeta Slovenia
Gari nililikodi Trieste, Italia, nikipanga kulala Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia. Karibu na mpaka ndipo nikakumbuka: barabara kuu za mwendo wa kasi za Slovenia hulipiwa mapema kwa vinjeta, yaani kibali cha kuzitumia kwa muda fulani, na ya wiki moja ilikuwa yuro 16. Ukikamatwa bila hiyo, faini huanzia yuro 300. Gari langu halikuwa nayo, na waliolikodisha hawakuniambia neno. Hilo lilinikera sana, maana mgeni atajuaje?

Nikaingia kituo cha mafuta kabla ya kuvuka. Tangu 2022 vinjeta ya gari dogo si stika tena. Husajiliwa kwa namba ya gari, kwa hiyo herufi moja ikikosewa umemlipia mtu mwingine. Nilimwandikia muuzaji namba kwenye karatasi. Akachapa herufi O penye sifuri. Kabla sijatoa kadi nikamwonyesha kwenye skrini: namba za Italia ni herufi mbili, tarakimu tatu, herufi mbili, na O haitumiki kabisa kwenye herufi zake. Akafuta, akaandika upya. Nikaishika risiti kando ya kibao cha namba, nikalinganisha kimoja kimoja, ndipo nikawasha gari.