Kumchora chatu wa Bayeye kwa udongo, mkaa na yai

Picha nyingi za chatu zinazochorwa kwa ajili ya imani za jadi zina kasoro ileile: mchoraji kaanza na mzimu, nyoka kamsahau. Macho mekundu, moshi unazunguka, na mwili wenyewe ni bomba la maji lililotiwa madoa. Chatu wanayecheza naye Bayeye, chama cha Kisukuma cha wanyoka na waganga wa sumu ya nyoka, ni mnyama mwenye uzito na meno. Heshima aliyonayo imetokana na mwili huo, kwa hiyo picha nayo ianzie hapo.

Pa kumtazama ni Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza kwenye barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma yana jengo la vyama vya ngoma, na wakati wa Bulabo, sherehe zinazoanza na sikukuu ya Ekaristi, kwa kawaida mwezi Juni, Bagika na Bagalu, vyama viwili pinzani vya ngoma, hushindana uwanjani. Chatu akiwa mabegani mwa mchezaji, tazama ngozi inavyofunguka kati ya magamba pale mwili unapojikunja, na jinsi sehemu nene ya katikati inavyolemea chini wakati shingo na mkia vinabaki vyembamba. Vifaa vya dawa usivyoelezwa matumizi yake usivichore. Watu wa chama watajua mara moja kwamba umebahatisha.

Rangi tatu zinatosha. Nyekundu hutokana na udongo wa kichuguu, ambao tayari ni laini. Nyeusi ni mkaa. Ya tatu ni udongo wa njano au kahawia kutoka ukingo wa korongo. Udongo mweusi wa mbuga achana nao: unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, ndiyo maana mashamba yake hupasuka kiangazi, na picha nayo itapasuka vivyo hivyo. Usichimbe penye matambiko. Udongo haujaadimika hadi ufike huko.

Weka kopo moja la udongo kwenye ndoo, ongeza makopo matano ya maji, koroga sana, kisha subiri dakika moja. Mchanga utazama. Mimina tope la juu kwenye ndoo nyingine kupitia kipande cha kanga, na urudie mara tatu. Acha lilale usiku kucha, mwaga maji yaliyotakata, na ukaushe masalio kivulini. Yasage juu ya kioo kinene kwa jiwe lililonyooka chini hadi usisikie mkwaruzo. Mkaa una ubishi wake, unaelea juu ya maji na kukataa kulowa. Dondoshea spiriti kidogo kwanza, ndipo uongeze maji.

Ubao uwe mgumu, hadibodi au plaiwudi, kwa sababu rangi ya yai, yaani udongo au mkaa uliochanganywa na kiini cha yai, haipendi kitambaa kinachokunjika. Msingi wake ni gundi nyeupe ya mbao sehemu moja, maji sehemu moja na chaki ya ubaoni iliyosagwa sehemu mbili. Usitumie jasi ya dari moja kwa moja, itagandia kwenye kopo kabla hujamaliza kupaka. Paka mikono mitatu na piga msasa laini kila mkono ukikauka. Kidole kikitoka na vumbi jeupe, gundi ni chache. Uso uking'aa na kukataa maji, gundi imezidi na rangi itabanduka.

Kwenye yai tunahitaji kiini peke yake. Kitenge na ute, kiviringishe juu ya karatasi ya chooni hadi kikauke, kishike kwa ngozi yake kwa vidole viwili, toboa, na uache kitiririke kikombeni. Ngozi tupa. Ongeza maji ya ujazo uleule. Ukitaka kisioze mapema kwenye joto la Mwanza, tia tone la mafuta ya karafuu. Bila hilo, tumia siku hiyohiyo. Changanya nusu kwa nusu na rangi iliyolowa, kisha paka kidogo kwenye kioo na ikikauka ikwangue kwa wembe. Ikitoka kama ngozi moja, sawa. Ikitoka unga, ongeza yai.

Sasa nyoka. Juu ya kichwa kuna doa kubwa la kahawia lenye umbo la ncha ya mkuki, limezungukwa na mistari ya njano hafifu, na chini ya jicho kuna pembetatu nyeusi. Mboni imesimama wima. Madoa ya mgongoni hayana umbo moja, na hapa ndipo wengi wanaharibu: wanayachora yote kwa upana mmoja, kana kwamba mwili ni bapa. Doa likikaribia ukingo wa mwili lazima lisinyae na kupinda. Chora kwanza pete nyepesi za penseli kuzunguka mwili, kisha weka madoa yafuate pete hizo. Magamba chora pale tu mwanga unapogusa, kwa mistari miwili ya mshazari inayokatana. Ukijaza mwili mzima utapata wavu. Rangi ya yai hukauka ndani ya dakika chache na haichanganyikii ubaoni, kwa hiyo jenga kivuli kwa vistari vyembamba, tabaka juu ya tabaka. Tumbo acha weupe wa msingi, kwa kuwa chaki ndani ya yai hupoteza nguvu.

Bluu hutaipata ardhini. Ukitaka kumchora pia mjusi wa mawe wa Mwanza, dume lenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa bluu iliyokolea, utanunua dukani, au uchanganye mkaa na chaki upate kijivu baridi ambacho kando ya nyekundu ya kichuguu jicho hukisoma kama bluu. Mimi napendelea njia hii ya pili.

Usipake usiku chini ya taa karibu na ziwa. Wale wadudu wadogo wanaopanda kama wingu kutoka majini hufuata mwanga na kunasa kwenye rangi mbichi, na ukiwafuta wanaacha michirizi. Picha iliyokamilika iweke mahali penye hewa miezi kadhaa kabla ya kuifungia nyuma ya kioo, hasa masika, la sivyo ukungu utakula yai kutoka pembeni.