Siku Niliyorudisha Vitabu vya Risiti

Baba alikuwa fundi wa reli hapa Tororo, Uganda. Mwaka 1977 Amin alipopiga marufuku makanisa, akawaachia Wakatoliki, Waanglikana na Waothodoksi tu, letu nalo likafungwa. Wazee wetu wakawa wanasalia kwenye nyumba za reli, mapazia yameshushwa, nyimbo wakizinong'ona, mtoto mmoja kakaa barazani kuchungulia njia. Hivyo mpaka Amin alipoanguka 1979. Hadithi hiyo nimeilishwa kila Krismasi, ndiyo maana kuondoka kanisani humo kulinichukua miaka mitatu.

Nilikuwa mweka hazina. Kazi niliipenda, hasa mnada wa baada ya ibada. Mtu akileta jogoo, ndizi au mihogo, tunanadi pale nje chini ya mwembe. Jogoo mmoja huuzwa hata mara nne: huyu anatoa shilingi 30,000, anamrudisha, mwingine anatoa 25,000, kuku mwenyewe kachoka. Mimi naandika, kaboni chini ya karatasi, vidole buluu hadi Jumanne.

Kisha maagizo yakaanza kushuka kutoka makao makuu Kampala. Mafuta ya upako, chupa 20,000. Wagombea kupewa mimbari msimu wa kura. Halafu "mbegu", yaani sadaka ya kutafutia baraka: unataka kazi, ndoa, safari ya Dubai? Panda. Mengi niliyameza. Hata mafuta nilinunua. Mke wangu aliyamalizia kwenye bawaba za mlango.

Kilichonishinda ni bibi mmoja muuza mukene, dagaa wa huku kwetu, sokoni. Alitoa mbegu ya 150,000, akanyoosha mkono apewe risiti kama alivyozoea. Mchungaji akaniambia mbele yake, "Mbegu haiandikiwi risiti, hiyo ni yake na Mungu." Tarehe nilikuwa nimeshaiandika.

Nilimwona mchungaji faragha mara mbili. Nikaandika barua kwa wakubwa wake, wakakaa kimya. Nikaona basi.

Wa kwanza kumwambia alikuwa Mama. Nilidhani atanikumbusha mateso ya Baba, na kweli alinikumbusha, lakini kwanza aliuliza, "Mwanangu, nani atakuzika?" Kwetu hilo si swali la mzaha. Msiba ukitokea, mtu huulizwa alikuwa akisali wapi, na zaka yake ikoje.

"Baba yako alijificha kwa ajili ya kanisa hili," akasema.

"Mlipojificha, Mama, hamkuwa na jengo wala makao makuu."

Hakujibu. Akaendelea kuchambua maharage, mawe akiyatupa mlangoni kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Hesabu ndizo nilizozichunga zaidi, maana mweka hazina akiondoka ghafla watu hawasemi ameondoka kwa imani. Nikawaita wazee wawili, tukahesabu pesa mezani, tukapanga vitabu vya risiti kwa namba, wote watatu tukatia sahihi, nakala nikabaki nayo. Barua ya kujiuzulu ilikuwa ukurasa mmoja, sababu mbili. Ule ujumbe mrefu nilioutunga usiku kwa ajili ya kundi la WhatsApp la waumini niliufuta asubuhi, na mpaka leo nashukuru intaneti ilikuwa imekatika.

Nilikosea kwa watoto. Sikuwaambia mapema, binti yangu akasikia kwa wenzake wa shule ya Jumapili kwamba baba yake "ameanguka". Alirudi analia. Ningeweza kurudi nyuma, ningeanza na yeye.

Wiki tano hatukusali popote, Jumapili zikawa ndefu ajabu. Sasa tunasali na kikundi kidogo cha Kiswahili mchana, madereva wa malori kutoka Malaba wakiwa wengi kuliko wenyeji. Mahubiri si makali sana, lakini matumizi ya sadaka yanasomwa kwa sauti.

Mama alibaki kule, nami sikumshawishi. Desemba alipeleka jogoo wa sikukuu. Nikamsindikiza, nikasimama nje ya uzio mpaka mnada ulipoanza, nikapaza sauti: 40,000! Kijana niliyemfundisha kazi akaandika jina langu, akachana risiti, akanipitishia kwenye waya. Jogoo nikamrudisha anadiwe tena.