Uzoefu wangu: mdogo wangu na mita 100, kuanzia saa ya simu iliyokuwa inatudanganya

Naandika hii kwa yeyote mwenye mdogo wake au mtoto anayewaacha wenzake kwa mbio na hajui aanzie wapi, maana mi mwenyewe sikujua. Naendesha bodaboda hapa Singida mjini, shule niliishia kidato cha nne, riadha nilikuwa naiona kwenye TV tu kama mtu mwingine yeyote.

Mdogo wangu wa mwisho ni wa kike. Mwishoni mwa 2022 akiwa kidato cha kwanza, ticha wa michezo alinisimamisha barabarani akaniambia huyu binti wenu amewapita wavulana wa kidato cha pili kwenye mbio za madarasa, fanyeni kitu. Nikamuuliza kitu gani, akasema yeye anafundisha Jografia, michezo amepewa tu juu yake, nikaona hapa hamna wa kumsubiri.

Kila mtu niliyemuuliza jibu lilikuwa moja, kwamba Singida ni watu wa marathoni, mpeleke mbio ndefu, mita 100 waachie Wajamaica. Na ukweli jina kubwa kwetu ni Alphonce Simbu, mtoto wa huku huku, amechukua shaba ya dunia London 2017, kwa hiyo mtu akiona mtoto anakimbia anamuwaza Simbu moja kwa moja. Lakini huyu ukimpa mizunguko minne ya uwanja anakata moto wa pili, ukimpa kutoka goli hadi goli unaona vumbi tu. Mzee mmoja akaniambia mbona Tanzania tulishakuwa na Nzaeli Kyomo, amekimbia mbio fupi Olimpiki miaka ya 80, mwanamke wa hapa hapa. Hilo lilinitosha.

Tukaanza barabara ya vumbi nyuma ya mtaa. Nikaazima futi ya fundi ujenzi, ile ya mita 5, tukaipiga mara 20, tukachimbia jiwe huku na jiwe kule. Mtoto wa dada anasimama mwanzo anapiga makofi, mi nasimama mwisho na saa ya simu. Siku ya kwanza nikapata sekunde 12.4. Nikaingia mtandaoni kuangalia wasichana wa umri wake wanakimbia ngapi, usiku huo sikulala, nikajua nimeokota dhahabu.

Wiki tatu nzima nilitembea na hiyo namba kichwani, nikaitangaza hadi kijiweni. Kumbe uongo. Abiria wangu mmoja, mwanafunzi wa chuo, nilimuonyesha akaniuliza swali moja tu, saa unaiwasha ukisikia makofi au ukiyaona? Nikasema nikisikia. Akanieleza kwamba sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mpaka imfikie mtu aliye mita 100 mbele, binti ameshakimbia karibu sekunde 0.3, ongeza na muda wa kidole changu kushtuka ndo nibonyeze, hapo ni nusu sekunde imepotea. Ndo maana wapima muda kwenye mashindano wanaangalia moshi wa bastola, hawasubiri mlio. Jambo la pili nililigundua mwenyewe baada ya hapo, upepo. Wa Singida anaujua upepo wetu, na mi siku zote nilikuwa namkimbiza unakoelekea upepo kwa sababu ndo kulikuwa na mteremko mzuri. Kwenye riadha upepo wa mgongoni ukizidi mita 2 kwa sekunde rekodi haihesabiki, wa kwetu wa saa tisa mchana sidhani kama unashuka hapo.

Nikaenda kwa seremala akanikatia vibao viwili nikaviunga kwa bawaba, ukivibamiza vinalia kama bunduki. Nikavipaka rangi nyeupe. Rafiki yake wa shule anakaa mwisho na simu anarekodi video, inaanzia vibao vikifunga kule mbali kisha anaigeuza simu kwenye mstari mpaka kifua kipite, halafu usiku nahesabu fremu, yaani zile picha zinazounda video, moja moja. Simu yangu inapiga fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu ni kama sekunde 0.03. Kazi ya macho hiyo. Tukarudia asubuhi saa kumi na mbili upepo ukiwa umelala, kwenye uwanja tambarare wa shule ya msingi, ikatoka 13.1.

Nilimuonyesha mwenyewe hesabu yote. Alinyamaza, halafu akaniambia kaka bora tumejua, hiyo 12.4 ningeenda nayo mashindanoni ningejiona nimerogwa. Ana miaka 15 huyo.

Ila hesabu ya fremu ilitupa zawadi nyingine, maana ukiikata video vipande unaona muda unapotelea wapi. Kuanzia katikati hadi mwisho alikuwa vizuri sana, muda ulikuwa unamwagika mwanzoni. Alikuwa anaanza amesimama, au akiinama anainuka wima hatua ya kwanza tu, kifua juu kama mtu aliyeitwa jina. Tukahitaji bloku za kuanzia, zile za kusukumia miguu wakati wa kutoka, na kuagiza za chuma sikuwa na ubavu huo. Nikarudi kwa seremala yule yule. Ubao mmoja mrefu chini, juu yake vipande viwili vya mbao mbili kwa nne vilivyokatwa mshazari, uso wake tukapigilia mpira wa tairi kuukuu mguu usiteleze, na chini tundu nne za misumari ya inchi sita ya kuchomeka ardhini. Ile ya kwanza ilichomoka mara ya pili tu alipoisukuma, akaangukia viganja vikachubuka, tukaongeza misumari ikawa minane. Nilichokishika kwenye kupanga umbali ni kwamba bloku ya mbele inakaa kama nyayo mbili kutoka kwenye mstari, ya nyuma nyayo tatu, kwa nyayo zake mwenyewe, sio za kocha. Kwenye "seti", neno la kujiandaa kabla ya mlio, kiuno kinapanda juu ya mabega kidogo, goti la mbele kama kona ya mraba, halafu anasukuma, haruki. Kichwa kinabaki chini hatua sita saba za mwanzo. Hicho cha kichwa kilituchukua miezi minne, nilikuwa naweka kitambaa chekundu mita 8 mbele namwambia usiangalie kitu kingine mpaka ukipite.

Viatu nilikosea pia. Nilimtuma jamaa soko la Karume pale Dar aniletee spaiki, viatu vya riadha vyenye meno chini, za mtumba, akaleta nzuri tu, elfu thelathini na tano, kumbe za mbio ndefu zina sponji kisiginoni. Za mbio fupi ni ngumu mbele kama sahani na nyuma hamna kitu, kwa sababu kisigino hakigusi. Alizivaa hivyo hivyo mwaka mzima.

Na kosa lingine, hili muwe nalo makini, nilikuwa namkimbiza mita 100 kila siku, mara kumi, kwa kasi yote. Mwezi wa pili msuli wa nyuma ya paja ukamkamata, wiki tano hakukimbia. Sa hivi kasi kamili ni siku mbili au tatu kwa wiki, na kupumzika kati ya mbio moja na nyingine ni kama dakika moja kwa kila mita 10, akikimbia mita 60 anakaa dakika sita. Mwanzo nilikuwa naona tunapoteza muda, nasikia pikipiki inaniita kijiweni. Lakini msuli ukichoka unajifunza kukimbia taratibu, ndo hivyo.

UMISSETA 2023, michezo ya shule za sekondari, akashinda wilaya vizuri, tukaenda ngazi ya mkoa. Hapo ndo pananiuma mpaka leo. Amechuchumaa kwenye bloku, mwanzishaji kasema "onyomaksi", kasema "seti", akawachelewesha. Akawachelewesha kidogo tu. Mdogo wangu akatoka kabla ya mlio, peke yake, mita kama tano mbele ndo akasimama akaangalia nyuma. Kanuni siku hizi ni moja tu, ukichomoka mara ya kwanza umetoka, hamna onyo. Alitolewa nje akakaa chini ya mti hajalia, anatazama tu wenzake wanakimbia, na mshindi alikuwa mtu ambaye yeye alimshinda kwenye mazoezi ya pamoja.

Usiku nikaangalia video zetu zote za mazoezi. Nikahesabu fremu kati ya neno langu la seti na vibao kufunga. Video ya Januari, fremu 45. Ya Machi, 44. Ya Mei, 45. Nimekuwa nambamizia vibao kwa sekunde moja na nusu ile ile miezi yote, bila kujua, mkono wangu una mdundo wake. Mtoto hakuwa anasikiliza mlio, alikuwa amejifunza mdundo wa kaka yake, na mwanzishaji wa mkoa ana mdundo mwingine. Asubuhi nilimwambia kwamba kosa ni langu, nikamuonyesha. Kuanzia siku ile vibao vinapigwa na watu tofauti, mama muuza vitumbua amepiga, fundi baiskeli amepiga, wengine wanawahi wengine wanachelewa hadi unahisi wamesahau, na mara nyingine hawapigi kabisa, anatakiwa abaki amekaa. Siku alipobaki na kiuno juu sekunde nne kamili bila kutikisika ndo nikajua tumepona.

Mama alikuwa na wasiwasi wake na alikuwa na haki. Mtoto wa kike kulala kambini wiki mbili, masomo, safari. Sikubishana naye, nilimuomba ticha mlezi wa wasichana aje nyumbani, wakakaa jikoni wao wawili, sijui waliongea nini ila mama alitoka akasema aende, lakini matokeo yakishuka mbio basi. Tukakubaliana hivyo na mtoto mwenyewe akakubali.

Kuna mtu pia, mdau wa michezo tu nitamuita hivyo, alikuja na wazo la kumpunguzia miaka miwili kwenye cheti ili akimbie na wadogo, "atang'ara mapema mtamuuza vizuri". Nilimkatalia mlangoni. Mtoto nimehangaika miezi kumjulisha namba yake ya kweli, leo nimpe umri wa uongo?

2024 akapita wilaya, akapita mkoa, akachaguliwa kwenda taifa, Tabora. Nilienda kwa basi kupitia Nzega kwa hela ya wiki mbili za boda. Aliingia fainali ya mita 100. Akatoka vizuri kwenye bloku kuliko wote, hilo nasema bila upendeleo video ninayo, mita 60 anaongoza, halafu wasichana watatu wenye miguu mirefu wakamla mwishoni. Wa nne, kwa saa ya kubonyeza kwa mkono 12.4.

Namba ile ile. Aliponisogelea ana vumbi mpaka kwenye nyusi akasema, kaka sasa hii ni yetu kweli. Nilishindwa kumjibu.

Agosti ile tuliangalia fainali ya mita 100 ya wanawake, Olimpiki ya Paris, yule Julien Alfred wa Saint Lucia, kisiwa kidogo ambacho kilikuwa hakijawahi kupata medali ya Olimpiki hata moja, kwenye mvua anashinda kwa 10.72, halafu anasimulia kwamba akiwa mtoto alikimbia pekupeku na sare za shule. Siku chache baadaye Letsile Tebogo wa Botswana akachukua mita 200 kwa 19.46, Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hiyo Olimpiki, na miaka miwili tu kabla alikuwa bado anakimbia mashindano ya chini ya miaka 20. Mdogo wangu aliandika 10.72 kwa chokaa nyuma ya mlango wa chumba chake, chini yake akaandika 12.4. Mama alitaka kufuta, akaacha.

Lakini iliyomgusa zaidi ni ya Septemba 2025, tulikesha usiku wa manane tukiangalia marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo. Simbu wa kwetu na Mjerumani Amanal Petros wameingia uwanjani, wote wakamaliza saa 2:09:48, picha ikaamua, Simbu bingwa wa dunia kwa sekunde 0.03. Mtaa mzima unapiga kelele. Dogo akanishika mkono akaniambia kaka hiyo ni fremu moja. Kilomita 42 zimeamuliwa na fremu moja, na mita za mwisho Simbu alikuwa anakimbia kama mtu wa mbio fupi kabisa, mikono juu chini, amekunja uso.

Mwaka huo wa 2025 hatukugusa mashindano mengi kwa sababu ya mtihani wa kidato cha nne, tuliheshimu ahadi ya mama, mazoezi mara mbili kwa wiki tu kuulinda mwili. Mtihani umeisha Novemba, tunasubiri matokeo. Nimempatia spaiki za mbio fupi kweli safari hii, bado mpya, zimemkaza kidole gumba kidogo. Tunachotafuta ni kushuka chini ya 12.2, na kazi yote iko mita 30 za mwisho sasa, mwanzo tumeshaupata. Nimeshapiga misumari mipya kwenye bloku, na yule mama wa vitumbua nimemwambia Jumamosi saa kumi na mbili awahi kabla upepo haujaamka, zamu ya vibao ni yake.