Wiki kumi za kidonge nisichokijua

Kwetu Tanga ugonjwa wangu una jina la siku nyingi: wasiwasi wa udhu. Natawadha, nafika miguuni, moyo unaniuliza kama kiwiko kilipata maji, naanza upya. Dakika 40 bombani. Nilihama nao mpaka Ohio, Marekani, na huko daktari akauita OCD, yaani ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na matendo ya kurudiarudia. Dawa ya sertralini, miligramu 200 kwa siku, kiwango cha juu, ilinipa nafuu kidogo tu. Ndipo akanieleza kuhusu utafiti wa dawa mpya, ya kuongezea juu ya ile, inayolenga kemikali ya ubongo iitwayo glutamati badala ya serotonini, kemikali nyingine inayolengwa na sertralini.

Nikasaini fomu ya ridhaa. Wakapima damu na moyo. Kompyuta ikapiga kura: wengine dawa, wengine kidonge kitupu kinachofanana nayo, na hata daktari hajui nani kapata kipi.

Sikutarajia kwamba wasiwasi ungehamia kwenye kichupa chenyewe. Kila usiku nilimwaga vidonge mezani, nikahesabu, nikarudisha, nikahesabu tena. Nimemeza? Au nimemeza viwili, nimewaharibia utafiti? Nilificha wiki mbili kwa aibu, kisha nikamwambia muuguzi. Hakushangaa hata kidogo. Alinitaka niandike saa ya kumeza mara moja tu, nifunge daftari. Vidonge vitakavyobaki atavihesabu yeye. Mke wangu nilimwomba asinijibu nikimuuliza, "Umeniona nikimeza?" Usiku wa kwanza alinyamaza huku machozi yakimlengalenga. Sijapata msaada mkubwa kuliko ule ukimya wake.

Kulikuwa pia na maswali kumi ya Yale-Brown, kipimo cha ukali wa OCD, kila moja alama 0 hadi 4. Nilitamani kutaja ndogo ili niwafurahishe, maana walinitendea wema. Lakini dawa ikipita kwa uongo wangu, kuna mwenzangu atakayeimeza bure. Nikasema kweli, hata wiki niliyorudi nyuma.

Nilianza na 28, nikamaliza na 19. Watafiti wengi huhesabu kuwa mtu amepata nafuu ya kutosha akishuka asilimia 35, mimi sikufika. Nilimeza dawa au kitupu? Bado sijaambiwa.

Ijumaa iliyopita mama alipiga simu.

"Udhu dakika ngapi siku hizi, mwanangu?"

"Kumi na mbili, mama."

Alinyamaza kidogo, kisha nikasikia vigelegele.